Siku Nne Ukutani Tukingoja Pomboo

Kaka yangu aliiandika ratiba ya safari yetu kwa mkono, kurasa mbili za daftari, akazipiga picha na kunitumia kwenye simu. Jumatatu: kuvuka mpaka, kufika Mombasa, pomboo. Jumanne: pomboo. Jumatano: pomboo, na muda ukiruhusu Mji wa Kale. Alhamisi: pomboo. Ijumaa: kurudi Tanga. Nilimpigia kumwuliza kama amekosea kuandika. Akasema hajakosea, ila nisisahau kofia.

Mimi ni mpishi mkuu wa shule ya bweni. Muhula mzima huamka alfajiri kuwasha majiko ya uji, na shule zikifungwa likizo yangu huliwa na harusi na matanga ya watu. Kwa hiyo safari hii nilikuwa nimeiwekea hamu zangu. Nilitaka kutembea Ndia Kuu, ile njia ya Mji wa Kale, bila haraka, niingie kila duka ambalo mlango wake umenipendeza. Nilitaka kula mbaazi za nazi ambazo sikuzichambua mimi. Nilitaka kulala hadi nichoke kulala. Pomboo sikuwa na ubaya nao. Nilidhani tungewatazama nusu saa, tukaridhika, tukaendelea na mengine.

Kaka amenizidi miaka kumi na miwili. Alifundisha baiolojia mpaka akastaafu, na hata sasa hawezi kukupa glasi ya maji bila kukueleza kazi ya figo. Mkewe alipofariki alianza kusoma habari za wanyama wa baharini. Akapita kwa nyangumi, akapita kwa kasa, alipofika kwa pomboo akakaa. Na alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuna aliyeweza kumtoa: mtu mwenye adabu humtazama pomboo akiwa nchi kavu.

"Boti zinawafukuza," aliniambia ndani ya basi, kabla hatujafika Horohoro. "Mama ananyonyesha, watu wanamzunguka na injini. Wewe ungependa?"

Nikamwambia nisingependa. Akaendelea kunieleza hadi Lungalunga, ng'ambo ya mpaka, kwa mifano.

Likoni tulishuka kwenye basi kama abiria wote, tukaingia feri kwa miguu. Kaka akasimama ukingoni, darubini machoni, begi lake katikati ya njia. Feri ilipogusa upande wa kisiwani watu wakaanza kutoka kwa kasi ile ya watu wanaochelewa kazini, na yeye bado amesimama. Mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani aliliruka begi. Mwanamume aliyekuja nyuma yake hakuliona, akajikwaa, akatutazama kwa namna ambayo sitaisahau. Nilimvuta kaka shati.

"Ngoja," akasema, "kuna kitu kule."

Kile kitu kilikuwa boya. Nilikiona kwa macho yangu matupu, jekundu, lenye kutu, na ndege wawili juu yake. Nikamwambia ni boya. Akasema alikuwa anaijaribu tu darubini.

Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya wageni mtaa wa Bondeni, juu ya duka la vitambaa. Msikiti ulikuwa hatua chache tu, na kaka akitoka kuswali alfajiri alipitia mlangoni kwangu na kugonga mpaka nifungue. Nikimwamkia, anaitikia marahaba huku anaangalia saa. Chai tulikunywa tumesimama. Kisha tuktuk hadi ule upande wa kisiwa wenye mnara wa taa, pale ambapo meli hupita karibu zikiingia bandarini, na watu wa mji huja kupunga upepo. Hapo pana ukuta mfupi juu ya jabali, na chini yake miamba na maji. Kaka alitandika taulo ukutani, akaketi, akaniambia niketi kushoto kwake.

Jumatatu tuliwahi jioni tu, lakini Jumanne nilikaa ukutani pale kwa muda wa saa saba. Sisemi kwa kukisia. Mama muuza mihogo aliwasha jiko lake sisi tupo, akauza, akaenda kununua makaa mengine, akarudi, sisi tupo.

"Unaona nini pale?" kaka aliniuliza kila baada ya dakika chache.

"Maji."

"Na kushoto?"

"Maji."

"Eleza."

"Maji ya kushoto, kaka. Nikueleze nini?"

Alisema sina subira ya kisayansi. Nilimjibu kwamba subira ninayo, huwa nachemsha maharage ya watoto mia nne. Hakucheka. Aliinua tena darubini, na mimi nikanunua mhogo wa kukaanga, nikautia ndimu na pilipili mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu ndilo jambo pekee lililokuwa likitokea siku ile.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuniachia hata kuondoka. Nikisema naenda kunyoosha miguu, anauliza naenda wapi na narudi lini. Nikitoa simu kuwasalimu wanangu, ananikumbusha kwamba pomboo hutokeza kwa sekunde chache tu na mtu akiinama amewakosa. Nilimwuliza kwani yeye yupo hapo kwa kazi gani. Akasema macho manne ni bora kuliko mawili. Nikajisemea moyoni kwamba nimeolewa mara ya pili, na safari hii hata mahari sikupewa.

Jumatano asubuhi alitufikia mzee mmoja aliyekuwa akipita pale kila siku kwa mazoezi, daktari wake amemwamuru kwa ajili ya sukari. Alikuwa mfanyabiashara, ana duka Ndia Kuu, Mwislamu wa asili ya Uhindini ambaye wazee wake walizaliwa na kuzikwa Mombasa. Alivaa kanzu nyeupe na makubadhi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri hata nikaona haya na changu.

"Salaam aleikum. Nawaona hapa tangu jana," alisema. "Mwangoja meli?"

"Pomboo," nikamjibu.

"Ah. Asubuhi hii hamtawaona. Maji yapwa. Ngojeni yaanze kujaa, ndipo huingia mkondoni kufuata samaki. Na msikae juu huku, teremkeni kule miambani. Mimi huwaona kule."

Mimi ningeshukuru. Kaka alimweleza, kwa upole wa mwalimu anayesahihisha mtihani, kwamba chakula cha pomboo kina mambo mengi, na kwamba mtu huona vizuri zaidi akiwa juu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Inshallah mtawaona," akaendelea na mazoezi yake.

"Watu wa maduka," kaka akaniambia alipokwenda.

"Amezaliwa hapa."

"Kuzaliwa mahali si kusoma."

Siku hiyo muda haukuruhusu Mji wa Kale.

Alhamisi alipogonga mlango sikufungua. Nilimwambia kupitia mlangoni kwamba kesho tunaondoka, kwamba nimeiona bahari vya kutosha, kwamba bahari tunayo hata Tanga, na kwamba leo naenda Ndia Kuu kama nitakwenda kwa kutambaa. Akauliza, kwa sauti ambayo sikuielewa wakati ule, "Nani atakaa na mimi?" Nikamwambia amwombe mama wa mihogo. Najua halikuwa jibu zuri. Nilisikia akishuka ngazi polepole sana, hatua moja, anasimama, hatua nyingine, nami nikadhani ni madeko.

Ndia Kuu ilinifaa kama nilivyotarajia. Nilitembea katikati ya nyumba zile ndefu, roshani za mbao juu na paka vizingitini, na hakuna aliyeniuliza naona nini. Nilinunua kanga mbili, na mwenye duka akaniambia hapa wanaita leso. Nilikula mahamri na mbaazi nimeketi, kwa sahani, na nikaagiza nyingine. Nilikuwa nimesimama nje ya duka la masanduku ya njumu, yale yenye misumari ya mapambo, na vyombo vya shaba, natazama birika moja, ndipo nikasikia salamu. Alikuwa yule mzee wa mazoezi. Lilikuwa duka lake.

Alinikaribisha kiti, akamimina kahawa kwenye kikombe kidogo.

"Nduguyo yuko wapi?"

"Ukutani."

"Peke yake?"

"Mtu mzima yule."

Mzee alizungusha kikombe chake kwanza. "Nataka kukuambia jambo, usinielewe vibaya. Leo asubuhi nimempita pale. Nilimwamkia kwa mkono tu, nimechoka, sikutoa sauti. Akaniitikia, 'Hujambo, mama.'"

Nilicheka.

"Mimi pia nilicheka," alisema. "Nikadhani ni kwa sababu ya kanzu. Lakini nilikuwa karibu naye kama wewe ulivyo karibu na mlango huo. Na jana, nilipokuwa nazungumza naye, alikuwa akiitazama sauti yangu. Hakunitazama mimi. Marehemu mke wangu alikuwa hivyo, kabla ya kupasuliwa macho."

Kicheko kilinikauka. Nikaona boya. Nikaona begi katikati ya njia, na jinsi alivyonipa orodha ya vyakula hotelini nimsomee akisema amesahau miwani, na chai aliyoimimina nje ya kikombe halafu akalaumu meza. Nikasikia zile hatua za ngazini. Na katika yote hayo, nikiri, la kwanza kunijia halikuwa huruma. Lilikuwa hasira, ya moto kabisa. Siku tatu nimeketi kushoto kwake kama fimbo ya kipofu, na hakuona haja ya kuniambia mimi ni fimbo.

Nilimwuliza mzee maji yanaanza kujaa saa ngapi. Akasema baada ya adhuhuri, na akarudia kwamba tushuke miambani. Nikamshukuru, nikaliacha birika, nikapanda tuktuk.

Kaka alikuwa palepale, darubini machoni. Mama wa mihogo alikuwa amemsogezea kigoda, na nikafahamu kwa jinsi alivyonitazama kwamba hata yeye alikuwa anajua. Kila mtu Mombasa alikuwa anajua isipokuwa mimi.

Nilisimama mbele ya kaka, hatua mbili hivi, nikanyoosha vidole vitatu, sikusema neno. Aliendelea kutazama. Nikashusha mkono.

"Ni vidole vingapi nilikuonyesha?"

Alishusha darubini. "Umerudi mapema."

"Vingapi?"

"Usinifanyie vituko hadharani."

"Jicho gani?"

Alianza kukunja kamba ya darubini. "Yote," akasema. "La kulia zaidi."

Ni mtoto wa jicho. Aliambiwa mwaka jana. Hospitali walimpa tarehe ya kupasuliwa mara mbili, na mara mbili hakwenda. Nilimwuliza kwa nini. Akasema anaogopa kisu.

"Umefundisha jicho maisha yako yote," nikamwambia. "Umelichora ubaoni. Mimi mwenyewe ulinichorea, nikiwa darasa la sita, na nilipokosea lenzi ukaninyima chakula cha mchana."

"Ndiyo maana naogopa. Najua kilichomo."

"Na pomboo?"

Alisema alitaka kuwaona kabla madaktari hawajamgusa, ikiwa mambo yatakwenda vibaya. Peke yake asingeweza, kwa hiyo akanihitaji. Nikamwambia kwamba neno hilo, "nakuhitaji", lina silabi tano, na kama angelitamka Tanga ningekuja na godoro langu niketi ukutani mwezi mzima bila kulalamika. Badala yake alinipa ratiba. Badala yake aliniacha nimwone mtu mkaidi asiyejali, nikamjibu maneno ya ovyo mlangoni, na sasa nitaishi nayo.

"Ningekuambia usingekuja. Ungenipeleka hospitali," alisema.

Hapo alinishinda, kwa sababu ni kweli.

"Na ile hotuba yote ya boti?"

"Ile ni kweli vilevile," akajibu upesi. "Usichanganye mambo."

Nilikuwa nimechoka kubishana. Nikamwambia kuanzia sasa ratiba ni yangu: kwanza tutakula, tumekaa, kisha tutateremka miambani maji yakianza kujaa, kama alivyosema yule mzee. Alifungua mdomo kuhusu watu wa maduka. Nikamwambia yule mtu wa duka ameona kwa kumtazama mara mbili kile ambacho mwalimu wa baiolojia alikificha mwaka mzima. Akaufunga.

Kuteremka kulikuwa mtihani. Njia yenyewe ni vipandio vya mawe tu vilivyochongeka kwa kukanyagwa na wavuvi wa mshipi. Nilimshika mkono, na kila hatua alinikosoa: namvuta sana, namvuta kidogo, nimesema jiwe kumbe ni mwanya. Niliwahi kumteremsha ng'ombe kwenye lori, na ng'ombe alikuwa na shukrani zaidi. Lakini hakuuachia mkono wangu. Tukapata mwamba mkavu, tukaketi, maji yakiwa karibu kiasi cha kuyarushia kokwa.

Tulikaa kama saa moja. Sikuulizwa naona nini. Maji yalikuwa yanapanda, yanaingia kwenye mianya ya miamba na kutoka na povu. Kisha kaka akainua kichwa.

"Umesikia?"

Sikusikia kitu. Halafu nikasikia: pumzi, fupi, nzito, kama mtu anayeibuka baada ya kupiga mbizi. Nikageukia kulia, na mgongo ukainuka majini. Ulikuwa wa kijivu, mpana, una nundu, na juu ya nundu pezi dogo. Ulijiviringa taratibu ukazama bila kurusha tone. Nyuma yake mwingine. Sikujua kwamba nimekamata goti la kaka.

"Sema," akasema.

"Wawili. Hapana, watatu. Mmoja mdogo."

"Wana nundu?"

"Wana nundu."

"Wa kibyongo hao. Hao hupenda maji ya karibu na nchi. Mdogo yuko upande gani?"

"Nyuma ya mama."

"Hawezi kuwa nyuma. Tazama vizuri, atakuwa ubavuni."

Nikatazama vizuri. Alikuwa ubavuni, amejibana kwa mamaye hata pumzi zao zinatoka pamoja. Hata wakati ule, nikiwa na pomboo watatu mbele yangu kwa mara ya kwanza maishani, niliudhika kwamba amepatia.

Nilimweleza yote. Nikamwambia mmoja amegeuka, tumbo lake lina weupe wa kuelekea waridi. Nikamwambia mkubwa ameinua mkia, akanisahihisha kwamba kama ulikuwa umesimama wima si mkia, ni pezi la mgongoni, mkia hulala. Nikamwambia samaki wanaruka mbele yao. Yeye darubini hakuigusa. Aliketi mikono magotini, uso ameuelekeza kulekule.

"Wewe unaona chochote?" nilimwuliza.

"Naona mng'ao," alisema. "Naona unakatika. Hapo unapokatika ndio wao?"

"Ndio wao."

"Basi nimewaona."

Walikaa pale muda wa mtu kunywa chai, wakaelekea nje, kwenye maji makubwa. Kaka alivua kofia akajifuta uso nayo, akakaa ameushikilia uso hivyo. Nadhani watu hudhani kwamba mtu akilia mbele yako hasira zako huisha. Zangu hazikuisha. Nilimpiga begani, si kwa nguvu, si kwa mchezo pia, nikamwambia Jumatatu ijayo tunakwenda hospitali. Akasema tutaona. Nikasema hiyo ndiyo shida yenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu Tanga, alicheka.

Ijumaa, kwenye basi la kurudi, alimsimulia jirani yake habari za pomboo mpaka mpakani. Kwake walikuwa saba. Nilimwacha.

Jumatatu hakwenda hospitali, alisema ana mafua. Wala Jumatatu iliyofuata. Shule zilipofunguliwa nilichukua ruhusa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katikati ya muhula, nikampeleka mwenyewe na kuketi mlangoni ili asitoke. Walimpasua jicho la kulia kwanza, kazi ya muda mfupi sana, na alipotoka alikuwa anamweleza muuguzi makosa ya mchoro wa jicho uliobandikwa ukutani. La kushoto likafuata baadaye. Yakaenda salama yote mawili.

Wiki mbili baada ya hilo la pili alikuja nyumbani kwangu bila kushikwa mkono, akaketi jikoni. Alitazama dari, akaniambia kuna buibui. Alitazama juu ya kabati, akaniambia kuna vumbi. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

"Umezeeka," alisema.

Nilimwekea chai yake mezani, nikamwambia kama ameshaanza kuona basi atafute kioo.